Ushuru wa Kilo: Mvutano wa Mitumba kati ya Afrika Mashariki na Marekani, 2015–2018

Mwezi Februari 2015, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Nairobi, waliliagiza Baraza la Mawaziri lichunguze namna ya kuendeleza viwanda vya nguo na ngozi katika kanda na namna ya kukomesha uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Machi 2016, mkutano wao wa Arusha ulikwenda mbali zaidi. Nchi wanachama zilitakiwa kununua mahitaji yao ya nguo na viatu ndani ya kanda, pale ambapo ubora na uwezo wa kuzalisha upo, kwa lengo la kuondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu. Kufikia katikati ya mwaka 2018 uamuzi huo ulikuwa umebaki mikononi mwa nchi moja tu, Rwanda, nayo ilikuwa imenyang'anywa msamaha wa ushuru wa nguo zake katika soko la Marekani.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mnyonge na mwenye nguvu, na kwa kiasi kikubwa ndivyo kilivyokuwa. Hata hivyo, ukisoma hoja za pande zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, utaona kwamba wote walibishana juu ya ajira, juu ya viwanda na juu ya haki ya kufikia soko, na hakuna aliyeweka mezani swali la nguo yenyewe inaishia wapi na nani anagharamia mwisho wake. Swali hilo ndilo linaloamua kama biashara ya mitumba inaweza kuwa endelevu, na kuachwa kwake nje kulifanya hatua zote zilizochukuliwa, za kupiga marufuku na za kurudisha, zisiguse kiini cha tatizo.

Hoja ya wakuu wa nchi ilikuwa na historia nyuma yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi hizi zilijenga viwanda vya nguo kwa fedha za umma, mikopo na misaada. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968; Mwanza ilikuwa na Mwatex na Musoma ilikuwa na Mutex. Kisumu kulikuwa na Kicomi, Eldoret kulikuwa na Rivatex, na Jinja kulikuwa na Nytil tangu enzi za ukoloni. Tanzania yenyewe haikuruhusu biashara ya mitumba hadi katikati ya miaka ya 1980. Soko lilipofunguliwa, mitumba iliingia wakati uleule viwanda vilipokuwa vimekwishadhoofika kwa mitambo chakavu, umeme wa kukatikakatika, madeni ya bodi za pamba na vyama vya ushirika, na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri.

Kwa hiyo kusema kwamba mitumba iliua viwanda ni kusema nusu ya ukweli. Mchumi Garth Frazer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, alikadiria kwamba uingizaji wa nguo zilizotumika unaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000, na takriban asilimia 50 ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo. Hicho ni kiasi kikubwa sana, na anayesema mitumba haikuathiri chochote hana budi kukijibu. Lakini sehemu iliyobaki inatokana na mambo mengine, na tangu Januari 2005, mfumo wa kimataifa wa mgawo wa biashara ya nguo ulipokoma, mshindani mkubwa wa kiwanda cha Mwanza au Eldoret amekuwa pia nguo mpya ya bei ya chini kutoka Asia. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado husafirishwa nje kabla ya kusokotwa kuwa uzi. Marufuku ya mitumba peke yake haisokoti pamba hiyo.

Ni lazima pia kueleza biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengi wanaoizungumzia huiona sokoni tu. Nguo huanzia kwenye masanduku ya misaada na maduka ya hisani ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako huuzwa kwa uzito kwa kampuni za uchambuaji. Zilizo bora kabisa hubaki huko huko. Nyingi za zilizobaki hupitia vituo vya uchambuaji vya Ulaya Mashariki, Sharjah katika Falme za Kiarabu, Karachi nchini Pakistan au Kandla nchini India, ambako hugawanywa kwa aina na daraja, hukandamizwa kuwa marobota ya kilo 45, na kupakiwa kwenye kontena za kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Mnunuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, au la Karume, Dar es Salaam, hununua robota likiwa limefungwa. Akilikata kamba ndipo anajua kama amepata au amepoteza. Nguo za kwanza, ambazo Nairobi huitwa kamera, hubeba faida yote. Za kati hurudisha mtaji. Na za mwisho, zile wanazoziita fagia, huuzwa kwa bei ya kutupa, huwa matambara ya gereji, au huishia kwenye taka. Kati ya robota na mvaaji wapo wapakuzi, wachuuzi, mafundi cherehani wanaorekebisha ukubwa, wafuaji na wapiga pasi. Mwaka 2017 mradi wa biashara wa USAID katika kanda ulikadiria kwamba watu 355,000 walikuwa wameajiriwa katika mnyororo huo ndani ya Jumuiya, wakipata jumla ya dola milioni 230 kwa mwaka. Ukigawa, ni kama dola 650 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima: pato dogo, lakini halikuwa na mbadala wa kesho yake asubuhi.

Chombo kilichochaguliwa kutekeleza uamuzi wa Arusha kilikuwa ushuru wa forodha. Kwa kawaida Jumuiya hutoza nguo zilizotumika asilimia 35 ya thamani, au kiasi maalumu kwa kila kilo, chochote kilicho kikubwa zaidi. Mwaka 2016 kiasi hicho cha kilo kilipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 0.40. Rwanda haikuridhika na hatua hiyo ndogo. Ilipandisha ushuru wake wa nguo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na viatu navyo vikapandishiwa.

Hesabu ya robota moja inaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Robota la kilo 45 lililokuwa likilipiwa dola 9 sasa lililipiwa dola 18 kwa kiwango kipya cha Jumuiya, na dola 112.50 kwa kiwango cha Rwanda. Dola 18 hazimzuii mwagizaji. Hupandisha bei kidogo, na mlaji hulipa. Dola 112.50 huweza kubebwa tu na robota lililochambuliwa vizuri sana, lenye nguo ambazo kila moja itauzika kwa bei ya juu. Hapa pana jambo ambalo sikuona likipewa uzito unaostahili katika mjadala wa wakati ule. Ushuru wa kiasi maalumu kwa kilo humwelemea zaidi yule anayeleta mzigo hafifu kuliko anayeleta mzigo bora, kwa kuwa wote wawili wanalipa sawa kwa uzito ule ule huku thamani zikitofautiana. Kwa hiyo, ukipangwa kwa kiwango cha kati na kusimamiwa vizuri, ushuru huo unaweza kuwa chujio la ubora: utafanya isilipe tena kusafirisha fagia kuvuka bahari. Jumuiya iliuweka chini mno kuwa chujio, Rwanda ikauweka juu mno kiasi kwamba ukawa ukuta, na hakuna aliyeutumia kwa kazi ambayo ungeiweza.

Mwezi Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa Marekani wa nguo zilizotumika na urejelezaji wa vitambaa, SMART, kiliwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba hatua za Afrika Mashariki zinahatarisha ajira 40,000 nchini Marekani na mauzo ya nje ya dola milioni 124. Msingi wa kisheria ulikuwa AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingiza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru, na ambayo mwaka 2015 ilikuwa imerefushwa kwa miaka kumi. Miongoni mwa masharti ya kunufaika nayo yalikuwa nchi husika kuwa inapiga hatua katika kuondoa vikwazo dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Malalamiko yalipokewa. Tarehe 20 Juni 2017 ofisi hiyo ilitangaza mapitio maalumu ya ustahiki wa Rwanda, Tanzania na Uganda, na Julai ukafanyika usikilizaji wa hadhara mjini Washington.

Kenya haikuwamo katika orodha hiyo kwa sababu ilikwisharudi nyuma. Si vigumu kuelewa kwa nini. Viwanda vya maeneo huru ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, hasa vya Athi River na Nairobi, vilikuwa vikiuza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka chini ya AGOA, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walitegemea mashine hizo. Nchi iliyotaka kujenga viwanda vya nguo ilijikuta ikiambiwa kwamba kuvilinda viwanda vya soko la ndani kungeigharimu vile vya soko la nje. Tanzania na Uganda nazo zilipunguza viwango na kuahidi kutoendelea na mpango wa kupiga marufuku. Burundi haikuwa na cha kupoteza, kwa kuwa iliondolewa katika AGOA tangu mwanzo wa mwaka 2016 kwa sababu za kisiasa.

Rwanda ilikataa. Rais Paul Kagame alieleza hadharani, Juni 2017, kwamba nchi yake ingechagua kukuza viwanda hata kama gharama ingekuwa kupoteza nafasi katika AGOA. Msimamo huo ulikuwa wa heshima, lakini haki inadai tuseme pia kwamba ulikuwa rahisi zaidi kwa Kigali kuliko kwa Nairobi. Machi 2018 Rais Donald Trump alitoa taarifa ya siku 60, na tarehe 30 Julai 2018 msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda ukasitishwa. Mauzo yaliyoguswa yalikuwa ya takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka, karibu asilimia 3 ya yote ambayo Rwanda ilikuwa ikiuza Marekani. Bidhaa nyingine za Rwanda ziliendelea kuingia bila ushuru.

Naiona hatua ya Marekani kuwa isiyo ya haki, na sababu yangu haitokani na udogo wa Rwanda peke yake. Sheria iliyotungwa kwa lengo la kusaidia Afrika kuzalisha na kuuza ilitumika kuilazimisha Afrika inunue ziada ya kabati za watu wengine. Nchi yoyote ina haki ya kuamua ni bidhaa gani zilizotumika zivuke mpaka wake, na nchi tajiri zenyewe huitumia haki hiyo kila siku kwa magari, vyakula na dawa. Kuliita zuio la nguo chakavu kikwazo dhidi ya biashara, bila kuuliza hata mara moja kuhusu hali ya nguo hizo zinapofika, ni kulisahau jukumu la aliyezitoa.

Lakini kuwa na haki hakukuifanya sera ya Rwanda ifanikiwe kwa lengo ililojiwekea. Kiasi cha mitumba kilichoingia kihalali kilishuka sana, na serikali ilisamehe ushuru wa malighafi kwa viwanda vya nguo chini ya kampeni yake ya bidhaa za nyumbani. Baadhi ya washonaji na wabunifu wa Kigali walipata nafasi waliyokuwa hawana. Hata hivyo nguo zilizojaza pengo la caguwa, kama mitumba inavyoitwa Rwanda, katika meza za masoko ya Kimironko na Nyabugogo mjini Kigali zilikuwa kwa sehemu kubwa nguo mpya za bei ya chini kutoka China, nyingi za poliesta, zisizodumu kama shati la pamba lililokwishavaliwa na mtu mwingine. Wachuuzi wenye mitaji midogo ndio walioumia mapema zaidi. Magendo nayo yakashamiri kuvuka kutoka Goma na Bukavu, yakibebwa na watu maskini ambao mara kwa mara walikamatwa na kunyang'anywa mizigo yao.

Hapo ndipo swali lililoachwa linapojitokeza. Uzalishaji wa nyuzi za nguo duniani ulikuwa tani milioni 58 mwaka 2000, na kufikia mwaka 2022 ulikuwa tani milioni 116, zaidi ya nusu yake ikiwa poliesta. Umoja wa Ulaya ulisafirisha nje takriban tani 550,000 za nguo zilizotumika mwaka 2000, na karibu tani milioni 1.7 mwaka 2019, asilimia 46 zikielekea Afrika. Mzigo unaofika bandarini leo ni mara nyingi ya ule wa miaka ya 1980, na vitambaa vyake ni hafifu zaidi, kwa sababu nguo zenyewe zilishonwa tangu mwanzo zivaliwe mara chache. Sera inayozuia mitumba na kuruhusu poliesta mpya imebadilisha umri wa nguo inayoingia, lakini haijapunguza kilo hata moja ya taka zitakazobaki.

Nchini Kenya ubishi kuhusu taka hizo umekuwa mkali. Taasisi ya masuala ya uchumi ya nchi hiyo, katika ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya chama cha wafanyabiashara wa mitumba, ilionyesha kwamba mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti iliyodai kwamba kila mwaka zaidi ya nguo milioni 300 zilizoharibika au zisizouzika, zenye nyuzi za plastiki, hufika Kenya. Wafanyabiashara walikanusha vikali, wakisema kwamba hakuna mtu anayelipia kontena na ushuru ili alete taka, na kwamba sehemu isiyofaa ni ndogo sana. Hoja yao ina mantiki, na wanamazingira wangefanya vyema kuisikiliza. Ila ubishi wenyewe unahesabu siku moja tu, siku ya kufungua robota. Shati lililouzwa vizuri na kuvaliwa miaka mitatu Kisii au Kibera nalo litachakaa, na likichakaa halitarudi Hamburg. Litakwenda dampo la Dandora, litachomwa nyuma ya nyumba, au litaingia mtoni, kama yanavyoingia mabaki ya Gikomba katika Mto Nairobi. Tani zote 185,000, nzuri na mbaya, hatimaye ni taka za Kenya, katika nchi ambayo miundombinu ya kurejeleza vitambaa vilivyochakaa ni haba mno.

Hili si lawama kwa mchuuzi. Katika mnyororo wote huu yeye ndiye anayeipa nguo maisha ya pili kwa kazi ya mikono yake, akisaidiana na fundi na mfuaji. Kwa kadiri nguo hiyo inavyochukua nafasi ya nguo mpya ambayo ingeshonwa, ni faida halisi kwa maji, nishati na udongo. Kosa liko kwenye fedha. Ufaransa, tangu mwaka 2007, ina sheria inayowataka wanaoingiza nguo sokoni kuchangia gharama za kuzikusanya na kuzichambua baada ya kuvaliwa. Mchango huo hulipiwa ndani ya bei, mtu anaponunua nguo mpya Lyon au Lille. Nguo ikikusanywa, ikachambuliwa na kusafirishwa, huhesabiwa kuwa imetumika tena, na hesabu hufungwa hapo. Nguo inavuka bahari. Fedha iliyolipwa kwa ajili ya mwisho wake inabaki Ufaransa. Anayebaki na gharama ya mwisho ni mamlaka ya jiji la Nairobi, la Dar es Salaam au la Kampala, ambayo haikupokea hata senti ya mchango ule.

Kama wajumbe wa Afrika Mashariki wangelipeleka jambo hili Washington mwaka 2017, badala ya kujibu hoja ya ajira kwa hoja ya ajira, mazungumzo yangekuwa tofauti. Wangeweza kudai uchambuaji ufanyike na kuthibitishwa kabla ya kupakia, mzigo usiofaa urudishwe kwa gharama ya aliyeupeleka, na ushuru wa kilo upangwe kuwa chujio la daraja huku mapato yake yakienda kwenye ukusanyaji wa taka za nguo. Madai hayo hayamfukuzi mchuuzi sokoni, na ni vigumu kwa yeyote kuyaita kikwazo cha biashara bila kukiri kwamba anachotetea ni uhuru wa kutupa. Badala yake tumeendelea kurudia njia ile ile. Kenya ilizuia mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona na kuiruhusu tena Agosti. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza huko Mbale kwamba Uganda ingepiga marufuku nguo hizo. Kila mara wachuuzi hushikwa na hofu, hakuna kinachojengwa upande wa taka, na kontena huendelea kuja.

Nafasi mpya imepatikana upande wa Ulaya. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine, jambo litakaloongeza mzigo unaotafuta mnunuzi. Mwaka huo huo Umoja huo ulipitisha sheria inayozitaka nchi zake zote ziwe na mfumo wa mchango wa wazalishaji wa nguo ndani ya miezi 30. Kanuni za mifumo hiyo, ikiwemo viwango vya mchango na matumizi yake, zinaandikwa katika kipindi hicho. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kuwasilisha dai lake sasa, kwa jina la nchi wanachama na pamoja na vyama vya wafanyabiashara wa mitumba: kwamba kwa kila tani inayovuka kwenda Mombasa au Dar es Salaam, sehemu ya mchango uliokwisha kulipwa ivuke nayo, iende kwenye mifuko ya halmashauri zinazozoa taka na kwa mafundi wanaotengeneza, na kwamba nchi itakayokataa kuitoa isihesabiwe imetimiza lengo lake la kutumia nguo tena.